Wodi ya Dirishani

4 Machi

Mdogo wangu Bwana Dawa,

Marahaba, maana najua umeshaniamkia hata kama hujafungua mdomo. Mara ya mwisho ulinikatia simu, na mara ya kabla yake nilikukatia mimi, kwa hiyo tuko sare. Kuanzia leo tutaandikiana. Barua haikatwi, mtu akikasirika ataichana, lakini atakuwa ameshaisoma. Dereva wa lori lenu la maua amekubali kuwa tarishi wetu, kikombe cha chai kwa kila barua. Na uandike kwa herufi kubwa, mwandiko wako ni ule ule wa madaktari walionitesa wodini miaka thelathini na nne.

Habari yenyewe hii. Mwanangu mkubwa alikuja Jumapili kumkagua mama yake. Unamjua, tangu apewe kazi ya ukaguzi wa majengo hawezi kuingia mahali bila kugonga ukuta. Alitazama bomba, akatazama nyaya, mwisho akasimama mbele ya dirisha langu la okidi. Zote tisa zinaumwa, sikatai. Zimeingiwa na vile vidudu vyeupe vinavyojifunika unga kama pamba. Mimi naviita madaktari: vimevaa koti jeupe, vinamkalia mgonjwa, vinamnyonya, na havimwambii kinachoendelea.

Akasema, "Mama, hata maua yamekushinda. Utaweza kweli kukaa peke yako?" Ananitaka nihamie kwake, chumba cha nyuma karibu na mashine ya kufulia, na nyumba yangu waingie wapangaji.

Nilipandwa na hasira mpaka masikio yakawaka. Nikamwambia tuwekeane siku. Tarehe 19 Aprili aje na wadogo zake, akague. Okidi zikiwa safi, habari ya kuhama isitajwe tena mpaka nife. Akikuta mdudu hata mmoja, nafunga virago mwenyewe. Tumepeana mkono.

Sikuombi ushauri, nakuarifu. Nitazitibu kwa vitu vilivyomo ndani: spiriti, sabuni na mdalasini, kama nilivyosikia redioni.

Dada yako,
Sista


8 Machi

Dada,

Shikamoo ya kwenye karatasi. Barua yako nimeisomea stoo ya dawa, nikacheka peke yangu mpaka wenzangu wakanusa kopo lililokuwa karibu nami.

Mdalasini ni wa chai, dada. Mimi nina vitalu kumi na viwili vya maua ya kuuza, na kila Jumatano naingia humo na pampu mgongoni. Mdudu akinisikia nakohoa tu anaandika wosia. Hii ni kazi yangu kama sindano ilivyokuwa yako. Je, mimi niliwahi kukufundisha kuchoma sindano?

Kwenye mfuko huu kuna chupa yenye kifuniko chekundu. Kijiko kimoja cha chai kwa lita moja ya maji. Vaa glovu, funika pua na mdomo, pulizia okidi zote, kisha toka nje ukae saa sita, madirisha wazi. Ukirudi hakutakuwa na daktari wala nesi.

Usinifanyie ukaidi. Mpwa wangu ni mtu wa vipimo, na wiki sita si nyingi. Nyumba hiyo uliijenga kwa zamu za usiku. Nisingependa uipoteze kwa ajili ya kijiko cha mdalasini.

Mdogo wako,
Bwana Dawa


11 Machi

Bwana Dawa,

Chupa yako hiyo, inarudi kama ilivyokuja. Umeniandikia nitoke nje saa sita. Nyumba ni yangu, atoke mdudu.

Dawa inayomtaka mganga afunikwe uso kama jambazi siiweki mahali ninapolala. Nimepokea wangapi wodini kutoka kwenye vitalu kama vyenu, macho mekundu, mikono inatetemeka, na wote waliambiwa kijiko kimoja kwa lita? Wewe mwenyewe kikohozi chako nilikisikia Desemba. Sikusema kitu. Leo nasema.

Matibabu yanaendelea kwa utaratibu. Nimezipa vitanda, cha Kwanza mpaka cha Tisa, na nimebandika chati ukutani. Kila jani linapanguswa kwa pamba na spiriti, juu na chini, kutwa mara tatu. Mizizi mingine niliikuta imeoza, nikaikata kwa mkasi niliopitisha motoni. Baadaye nikaifunika yote mdalasini, iliyokatwa kwa mizima, kama tulivyokuwa tukifunga vidonda. Kidonda hakiachwi wazi, hata mwanafunzi wa mwezi wa kwanza anajua.

Kitanda cha Tano kimeruhusiwa kwenda nyumbani.

Sista


15 Machi

Dada yangu,

Kitanda cha Tano kimeruhusiwa kwenda nyumbani kwa miguu yake, au kimebebwa?

Usijibu. Najua umeua. Sasa nisikilize kabla hujaua wodi nzima. Mdalasini kazi yake ni kukausha. Ukikata jani bovu, nyunyiza kidogo pale pale ulipokata, kidonda kikauke, basi. Lakini okidi hunywa kwa mzizi. Ukiupaka mzizi mzima unga huo, umemziba mgonjwa mdomo, halafu unamuuliza mbona hanywi maji. Ni nesi tu anayeweza kufanya kosa hilo! Mtu mwingine angekuwa mvivu wa kufunga mizizi yote ile.

Ioshe leo leo kwa maji ya uvuguvugu. Yale maganda ya miti yaliyomo vyunguni yamwage, weka mapya, maana madaktari wako wanajificha humo. Na spiriti kutwa mara tatu ni ya nini? Hiyo si homa. Utaunguza majani. Pangusa mara moja kila baada ya siku saba, jua likishatoka dirishani. Spiriti inaua mama lakini mayai yanabaki, na wiki inayofuata yanaanguliwa, ndipo unawakuta watoto kabla hawajajifunika ule unga. Sabuni tumia ile ya maji ya kuoshea vyombo, matone machache kwa lita moja, usitumie ya unga. Pulizia, subiri kidogo, suuza.

Sikubali kwamba umeshinda. Nakubali tu kwamba ikiwa ni lazima ukosee, ukosee vizuri. Nitumie jani moja nilikague.

Kikohozi changu ni cha vumbi.

Bwana Dawa


22 Machi

Bwana Dawa,

Kilibebwa. Umefurahi?

Mizizi nimeiosha, maganda nimebadilisha, na chati mpya imeandikwa: kila Jumamosi jioni. Nilinung'unika lakini nilifanya. Vitanda vinane vilivyobaki vimeamka. Cha Tatu kinatoa mzizi mpya, mnene, nimeugusa mwenyewe.

Ndani ya bahasha utakuta jani la Kitanda cha Tisa, ile okidi uliyoniletea Desemba. Nimelipangusa mara mbili. Nimeligeuza mbele ya dirisha, juu na chini, halina hata doa. Likague mpaka uchoke, kisha kaa chini uniandikie barua ya kuomba radhi, herufi kubwa.

Sista


24 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini kazi na afya viko sawa. Nakuandikia bila Mama kujua, na naomba ibaki hivyo.

Mjomba, nina wasiwasi na akili ya Mama. Mwezi uliopita nilimkuta uani anaamkia koti la jirani lililoanikwa kambani, akaliuliza na hali ya watoto. Amekuja kanisani kwa kiatu cheusi na cha kahawia. Alitia chumvi kwenye chai yake, akainywa yote mbele yangu, asikiri kwamba amekosea. Alimpita mke wangu sokoni kama hamjui, na mke wangu alirudi nyumbani analia akidhani wamekosana. Sufuria mbili zimeungua. Babu naye alianza hivi hivi, wewe ulikuwepo.

Nikimwambia tuone daktari anasema amefanya kazi nao wa kutosha. Najua kupeana mkono juu ya maua ni mambo ya kitoto, lakini ndiyo njia pekee aliyokubali. Simtaki kwangu kwa ubaya. Kila simu ikilia naruka, nadhani ni jirani ananiambia nyumba inawaka.

Naomba tarehe 19 uje. Ukikosa ruhusa, andika barua isomwe mbele ya wote, kama mjomba na kama mtaalamu, kwamba okidi zile hazina matumaini. Wewe atakusikia.

Mpwa wako


28 Machi

Dada,

Shikamoo. Leo sina utani, au ninao kidogo.

Jani lako lilifika. Nilifungua bahasha juu ya meza ya stoo, nikahesabu wadudu kumi na wanne, weupe, wanene, wakubwa kuliko punje ya mchele. Mmoja alikuwa anatembea juu ya barua yako, kwenye neno "doa".

Kwanza nilikasirika, nikasema dada ananichezea. Kisha nikazitoa barua zako zote nikazipanga. Mistari inapanda mlima, kila barua zaidi ya iliyotangulia. Neno la mwisho la mstari limeandikwa juu ya meza, halimo kwenye karatasi. Halafu nikakumbuka unavyoniambia niandike kwa herufi kubwa, wewe uliyekuwa ukisoma maandishi ya kwenye chupa za dawa kutoka mlangoni.

Dada, unaona?

Usinikatie barua. Mficha maradhi kilio humfichua, na wewe umewaambia watu maneno hayo maisha yako yote.

Na mimi nina la kukiri, ili tuwe sare tena. Wadudu hawa nawajua, ni wa kwetu. Okidi niliyokuletea Desemba niliitoa kwenye lundo la zinazotupwa. Nilikuwa nachelewa gari, sikuigeuza majani. Nimekaa wiki tatu nikikucheka na mdalasini wako, kumbe kikulacho ki nguoni mwako, na nguo yenyewe ni mimi. Nilishuku tangu barua yako ya kwanza. Niliona haya kusema.

Mdogo wako


1 Aprili

Wewe,

Barua yako niliichana. Nikaikusanya, nikaiunganisha kwa gundi, kwa sababu sikuwa nimeimaliza.

Umeniletea magonjwa nyumbani, ukanicheka, halafu unaniuliza kama naona. Nimekutukana jikoni kwa sauti mpaka jirani akagonga ukuta. Sasa nimetulia kiasi cha kushika kalamu.

Sioni. Haya, umefurahi? Ni mtoto wa jicho, yote mawili, la kushoto limekomaa kabisa. Sikuhitaji daktari kuniambia, nimewashika mkono wangapi wenye macho kama haya. Mchana naona kama kupitia kioo cha bafuni. Uso wa mtu naujua akishaongea. Naandika kwa kalamu nene na kufuata ukingo wa rula.

Na kwa nini sikusema? Kwa sababu ningesema Jumatatu, Jumanne ningekuwa karibu na mashine ya kufulia. Wangenipangusa mdomo. Wangezungumza juu ya kichwa changu kana kwamba nimekuwa kiti. Nimeona watoto wazuri, wenye mapenzi tele, wakimfanyia mama yao hivyo, na mama akakubali kwa sababu alichoka kubishana. Mimi sijachoka.

Ukimwambia mwanangu, sina ndugu.

Sasa sikiliza. Kuna wagonjwa walikuwa wakija wamevimba, mshipa hauonekani. Daktari kijana anachoma mara tano, jasho linamtoka. Mimi nilikuwa nafumba macho, naweka vidole viwili, napapasa, nachoma mara moja. Mshipa unahisiwa, mdogo wangu, hautafutwi kwa macho. Kwa hiyo acha kunihurumia, niambie mdudu huyu mtu akimgusa anakuwaje, na wapi nimtafute. Zimebaki siku kumi na nane.

Sista


5 Aprili

Dada,

Sijawahi kutukanwa na barua ya gundi. Inanuka mpaka leo.

Jana nilifunga macho kwa kitambaa ndani ya kitalu cha tatu nikajaribu. Msimamizi alinikuta nikipapasa majani kama kipofu wa maigizo, akaniuliza kama nimekunywa. Haya ndiyo niliyoyapata. Nawa mikono bila kupaka mafuta, vidole viwe vikavu. Jani safi linateleza. Jani lenye wadudu linanata, kwa sababu kinyesi chao ni kitamu kama sukari iliyoyeyuka. Wewe ni nesi, hutaona kinyaa. Ukishahisi kunata, mdudu mwenyewe hayuko pale, yuko juu yake, kinyesi huanguka chini. Panda na kidole kwenye mshipa wa kati, upande wa chini wa jani, mpaka pale jani linapokumbatia shina. Ndani ya mkunjo huo ndimo wanamojazana. Utahisi kitu laini kama uzi uliokatika. Chukua kijiti cha pamba cha masikioni, kichovye spiriti, kiingize.

Ukisikia kitu kinakutembea mkononi ni sisimizi. Wanawafuga hawa kama ng'ombe, wanawahamisha chungu hadi chungu. Panga vyungu juu ya vikombe vilivyogeuzwa ndani ya bakuli la maji, wasivuke.

La macho sitalisema, ni lako. Lakini kuna jambo lazima ulijue, hata kama niliombwa ninyamaze. Mwanao ameniandikia. Hana habari ya macho. Anadhani ni akili. Koti la jirani, viatu, chumvi kwenye chai, mke wake uliyempita sokoni, vyote ameviweka kwenye orodha, na juu yake ameandika jina la baba yetu. Kwa hiyo hata ukishinda maua, dada, atakutazama kila siku akingoja umsahau jina. Anaogopa kitu ambacho huna. Fikiri wewe mwenyewe kipi bora.

Mdogo wako


13 Aprili

Mdogo wangu,

Akili? Yangu?

Nilikaa na barua yako mchana mzima, nikacheka, kisha nikalia, kisha nikacheka tena kwa ajili ya lile koti. Nilidhani limekasirika, lile koti, kwa jinsi lilivyoninyamazia. Na mkwe wangu maskini. Nimempigia jana nikamwambia sikumwona, basi, bila maelezo. Akasema, "Asante, Mama." Kumbe alilibeba hilo mwezi mzima.

Vidole vinafanya kazi. Siku ile ile barua yako ilipofika, jioni, nilianza na Kitanda cha Kwanza, nikakuta kunata, nikapanda kama ulivyosema, nikawapata kwenye mkunjo, familia nzima. Nilipiga kelele ya furaha kama niliyepata mshipa kwa mtoto mchanga. Nimerudia jana. Sita ni safi, naapa kwa cheti changu. Cha Pili na cha Saba bado vinanata, kidogo sana, na sijui walipo. Kwa siku sita zilizobaki sitawamaliza, mayai hayajaanguliwa. Nimehesabu.

Nimekwenda kliniki ya macho peke yangu, kwa miguu, nikihesabu nguzo. Walitaka mtu wa kunisindikiza atie sahihi. Nikamwambia msichana wa mapokezi kwamba nimetia sahihi za kupokea watoto kabla mama yake hajazaliwa. Nitapasuliwa la kushoto tarehe 6 Mei.

Kuhusu tarehe 19, usije. Ukija watanitazama kupitia kwako.

Sista


16 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba. Sitakuja, na barua uliyoniomba sitaiandika. Ninayoandika ni hii, isome mbele ya wadogo zako ukitaka.

Wadudu nilimpelekea mama yako mimi, kwa uzembe wangu. Kama kuna mtu wa kuhamishwa nyumba kwa ajili yao, nianze mimi. Dawa za jikoni nilizicheka, na nimeona zikifanya kazi pale zinapotumiwa kwa utaratibu. Kuhusu akili yake, nina barua zake tano mkononi. Mtu aliyepotewa na akili hawezi kunitukana kwa mpangilio namna hii, hoja baada ya hoja, bila kurudia tusi.

Yaliyobaki ni yake kuyasema. Ukifika, muulize, kisha unyamaze. Kunyamaza ndiko kutakakokuwa kugumu, nakujua.

Na mwambie nimeomba kuondolewa kwenye pampu. Wamesema nafasi nyingine ni ya kufagia na kupanga vyungu. Nimesema haya.

Mjomba wako


20 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Naandika jana ikiwa bado kichwani.

Tulifika sote watatu saa nne. Mama alikuwa amevaa gauni lake jeupe la kazi, lile la zamani, limepigwa pasi. Okidi nane zimepangwa dirishani, kila moja juu ya kikombe ndani ya maji. Hakutupa hata chai. Akasema, "Kagua."

Nilikagua. Nilitumia tochi. Nilitazama kila jani juu na chini, nikaandika "safi" mara nane. Nakiri nilivunjika moyo, na wakati huo huo nilifurahi, sijui niieleze vipi. Nikamwambia, "Mama, umeshinda."

Akasema, "Hujui kukagua." Akachukua kitambaa, akanifunga macho mimi, mkaguzi wa daraja la kwanza, mbele ya wadogo zangu, akanishika kidole na kukiweka kwenye jani la okidi ya pili. Akaniuliza nahisi nini. Nikasema sihisi kitu. Akasema, "Linanata. Cha Pili na cha Saba vina wadudu, wako ndani ambako tochi yako haifiki. Andika." Nikavua kitambaa nikakuta naye amefumba macho. Nikamuuliza kuna nini, ndipo akatuambia. Kwamba ni macho. Kwamba alilisalimia koti kwa sababu lilikuwa na mabega. Mdogo wetu wa mwisho alitoka nje kulia.

Halafu akasema, "Nimeshindwa. Na sihami."

Mjomba, niliuliza na kunyamaza kama ulivyosema, lakini sasa naogopa zaidi. Ingekuwa ni akili, ningeweza kumkumbusha. Mtu asiyeona, peke yake, na jiko la moto? Na tulipeana mkono. Yeye ndiye aliyetufundisha kwamba ahadi ni deni. Nimemwandikia leo kumkumbusha kwa heshima, na kumwambia kwamba tarehe mosi nitakuja na gari la kuhamisha vitu.

Mpwa wako


23 Aprili

Mwanangu,

Barua yako nimeisoma mwenyewe, maneno matatu matatu, karatasi ikigusa pua. Imenichukua asubuhi nzima, kwa hiyo usiseme sikuipa uzito.

Unasema tulipeana mkono. Ni kweli. Nimevunja ahadi mbele ya watoto wangu watatu. Yaandike hayo, utie na tarehe. Nilikupa mkono kwa sababu niliogopa. Wodini nimeona watu wengi wenye hofu wakitia sahihi karatasi wasizozisoma, na mimi ndiye niliyekuwa nawashikia kalamu. Nilipaswa kuwaambia wakatae. Nimechelewa kwa wale, sikuchelewa kwangu.

Ulikuwa umeshaandika "safi" mara nane. Ningenyamaza tu, ningeshinda. Ningekaa humu kwa uongo, na kila ukija ningeshtuka, nikipapasa viatu vyangu kama mwizi nisije nikavaa visivyolingana. Sitaki kukaa hivyo, hata katika nyumba yangu. Nimekuambia nisichoweza. Sasa uniamini ninapokuambia ninachoweza. Jiko nimelifunga uzi kwenye kitufe, fundo moja ni moto mdogo, mawili mkubwa. Chumvi iko kwenye kopo la bati na sukari kwenye la plastiki. Jirani ananibishia hodi kila asubuhi, na koti lake pia tumeshapatana.

Unaogopa nitaanguka. Huenda nikaanguka. Nitaanguka kwangu, nitainuka kwangu, na nikishindwa kuinuka nitakuita wewe wa kwanza, kwa sababu nakupenda kuliko unavyojua na wewe ndiye uliyenifanya mama.

Gari la tarehe mosi lirudishe. Njoo tarehe 6 Mei, saa moja asubuhi, unipeleke kupasuliwa. Naogopa kisu, nakuambia wewe tu, na ningependa unishike mkono mpaka mlango wa chumba.

Ufunguo wa nyumba yangu ulio nao, uache nyumbani kwako siku hiyo. Umezoea kufungua na kuingia kana kwamba humu hamna mtu. Utagonga. Nitakawia kufika, nitakuwa nashika ukuta, utanisikia nikigonga kiti na utatamani kuvunja mlango. Usivunje. Simama hapo nje, ungoje mpaka nikufungulie.

Mama yako